Kazi Isiyosikika Ndani ya Mwili

Mtu akijikata kidole, anajua mara moja. Lakini nani amewahi kusikia figo zake zikisafisha damu? Sehemu nyingi za mwili hufanya kazi mchana na usiku, na mwenyewe hana habari.

Mwaka 1998, televisheni ya BBC ya Uingereza ilionyesha sinema saba za mafundisho zilizoitwa The Human Body, maana yake Mwili wa Mwanadamu. Mfundishaji alikuwa Robert Winston, daktari wa London aliyesaidia wanawake wasiopata watoto. Sinema hizo zinafuata maisha ya mtu tangu mimba hata kufa. Ya pili ni habari ya mimba hata mtoto kuzaliwa.

Wengi wetu hatukuziona. Walakini mafundisho yake yanatufaa sisi pia. Basi tuyatazame.

Moyo ni kama pampu, nao unalingana na ngumi ya mwenyewe. Hupiga kama mara 70 kwa dakika, yaani kama mara 100,000 kwa siku. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Akipumzika, moyo huizungusha yote kwa muda wa dakika moja hivi.

Mwanamke akichukua mimba, kazi hiyo huongezeka. Yapata juma la 6 moyo wa mtoto huanza kupiga, na labda mama hajajua bado kwamba ana mimba. Baadaye damu ya mama huongezeka karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo. Damu hiyo inapeleka chakula na hewa kwenye kondo la nyuma, na mtoto huvipata kwa njia ya kamba ya kitovu.

Lakini angalieni: kama kazi haisikiki, hatari nayo mara nyingi haisikiki. Baada ya mwezi wa tano, nguvu ya damu, ile tunayoiita tansio, inaweza kupanda, na mama hana maumivu yo yote. Analima, anapika, anacheka. Asipotibiwa, aweza kushikwa na kifafa cha mimba, na yeye au mtoto aweza kufa. Wengine husema, «Ni mapepo,» na saa zinapita. Sivyo. Ni ugonjwa, nao una dawa.

Basi fanyeni hivi:

1. Mama mwenye mimba aje kupimwa tangu miezi mitatu ya kwanza, hata akijisikia mwenye nguvu. Arudi kila tarehe anayoandikiwa.

2. Akiumwa kichwa sana, macho yakiona giza, uso na mikono ikivimba, au akiumwa juu ya tumbo, aletwe siku ile ile.

3. Akishikwa na kifafa, mlazeni kwa ubavu wa kushoto. Msimtie kitu kinywani. Mleteni hospitali upesi.

4. Ninyi waume, msiseme, «Mke wangu si mgonjwa, aende kufanya nini?» Mpeni nafasi na nauli.

Wengine hufikiri kwamba kupimwa ni kukosa imani. Sivyo, ndugu. Katika Zaburi ya 139 Daudi anamshukuru Mungu aliyemwona alipokuwa angali tumboni mwa mama yake. Mungu anaona ndani. Sisi hatuoni, na kwa sababu hiyo tunapima.