Bujumbura kwa miguu: matembezi ya asubuhi moja kwa mfanyabiashara anayesubiri mzigo

Wafanyabiashara na wasafirishaji wengi wanaofika Bujumbura wanaujua mji huu kwa sehemu tatu tu: mahali pa kuegesha lori, ofisi ya wakala wa forodha na nyumba ya kulala wageni. Mzigo ukichelewa kutolewa, siku mbili tatu hupita mtu akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki akipiga simu. Siku hizo zinaweza kutumika vizuri zaidi. Katikati ya Bujumbura ni padogo, panatembeleka kwa miguu bila kiongozi wala gharama, na karibu kila mtaa wake una historia inayohusu biashara ya kuvuka mipaka. Anayeijua historia hiyo huelewa kwa nini bidhaa fulani inauzwa mtaa huu na si ule, na kwa nini Kiswahili kinamfaa zaidi upande mmoja wa mji kuliko mwingine.

Makala haya yanaeleza njia ya kuanzia ziwani hadi Buyenzi. Kwa mwendo wa taratibu, asubuhi moja inatosha.

Kabla hujatoka

Rekebisha saa yako. Burundi iko nyuma kwa saa moja ukilinganisha na Tanzania, Kenya na Uganda, ingawa iko sawa na Uvira. Madereva wengi hufika ofisini mapema mno wakadhani wamefungiwa mlango. Ofisi nyingi hupumzika mchana, kuanzia saa sita hadi karibu saa nane, kwa hiyo shughuli za makaratasi zimalize kabla ya hapo.

Magari hapa hupita upande wa kulia wa barabara. Mtu aliyezoea Dar es Salaam, Kampala au Mombasa hutazama kulia kwanza anapovuka, kumbe gari linatokea kushoto. Tazama kushoto kwanza, kisha kulia.

Beba pasipoti au hati yako ya kusafiria. Usipige picha bandarini, kwenye ofisi za serikali wala palipo na askari. Asubuhi ya Jumamosi si wakati mzuri wa kutembea, kwa kuwa saa hizo hutengwa kwa kazi za maendeleo za wananchi na maduka mengi huchelewa kufunguliwa. Mwisho, usitegemee bodaboda: mwezi Machi 2022 serikali ilizuia pikipiki, bajaji na baiskeli za abiria kuingia katikati ya jiji. Miguu yako ndiyo usafiri wa uhakika.

Kituo cha kwanza: ziwa na bandari

Anzia upande wa ziwa, ambako mji wenyewe ulianzia. Kabla ya ukoloni eneo hili la kaskazini mwa Ziwa Tanganyika lilijulikana kama Uzige. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walifika huku kwa mtumbwi kutoka Ujiji, wakapokelewa na chifu Mukamba. Ujiji wakati huo ulikuwa kituo kikubwa cha misafara ya pwani, na wafanyabiashara wa huko walikuwa wamekwisha kuizunguka pwani ya ziwa wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Katika miaka ya 1880, Mohammed bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, alijaribu kuingia Burundi kwa nguvu, lakini majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yalimzuia. Ndiyo maana Waswahili walibaki kandokando ya ziwa na hawakuitawala nchi ya ndani.

Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi hapa mwaka 1897 na mji ukaitwa Usumbura. Mwaka 1912 walihamishia makao ya utawala wa Urundi Gitega. Kwa hiyo Bunge lilipopitisha mapema mwaka 2019 sheria ya kuifanya Gitega mji mkuu wa kisiasa, haikuwa mara ya kwanza kwa Usumbura kubaki na biashara huku utawala ukipanda mlimani.

Wabelgiji walichukua mji mwaka 1916. Nchi yao mpya haikuwa na bahari, na reli ya Kigoma, iliyofika ziwani mwaka 1914, ilikuwa imeangukia mikononi mwa Waingereza. Hapo ndipo ulipozaliwa mkataba wa tarehe 15 Machi 1921: Ubelgiji ilipewa maeneo maalumu ya kupakia na kupakua mizigo katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Maeneo hayo yaliitwa Belbase. Mzigo ulitoka Dar es Salaam kwa reli, ukapakiwa melini Kigoma na kushushwa hapa Usumbura. Wazee wa bandari bado wanalikumbuka jina hilo.

Leo bandari hii inahudumia vyombo vinavyotoka Kigoma, Mpulungu nchini Zambia, na Kalemie na Uvira upande wa Kongo. Sehemu kubwa ya shehena ya Burundi, hata hivyo, hupita barabarani kutoka Dar es Salaam kupitia Kabanga na Kobero. Na reli inarudi kwenye mazungumzo: Januari 2025 Tanzania na Burundi zilisaini mkataba na makampuni ya China wa kujenga reli ya kisasa kutoka Uvinza hadi Musongati. Reli hiyo ikikamilika, mizani kati ya lori, meli na treni itabadilika, na mtu mwenye malori anapaswa kuanza kuifikiria leo.

Ukiwa hapa tazama pia kiwango cha maji. Mwaka 2021 na tena mwaka 2024 ziwa lilipanda na kuingia kwenye nyumba na barabara za ufukweni, hasa kuelekea Gatumba. Anayekodi ghala karibu na ziwa aulize maji yalifika wapi miaka hiyo kabla ya kutia saini.

Kituo cha pili: Uwanja wa Uhuru na barabara ya Rwagasore

Kutoka ziwani panda kuelekea katikati ya mji hadi Place de l'Indépendance. Uhuru ulipatikana tarehe 1 Julai 1962, na jina Usumbura likawa Bujumbura. Majina ya barabara za hapa ni kama kalenda. Tarehe 18 Septemba ni siku chama cha UPRONA kiliposhinda uchaguzi mwaka 1961. Tarehe 28 Novemba ni siku jamhuri ilipotangazwa mwaka 1966. Tarehe 13 Oktoba ni siku alipouawa Mwanamfalme Louis Rwagasore mwaka 1961. Siku hii ya mwisho ni ya mapumziko, sawa na tarehe 21 Oktoba, anapokumbukwa Rais Melchior Ndadaye aliyeuawa mwaka 1993. Msafirishaji anayepanga kufika Bujumbura mwezi Oktoba azingatie tarehe hizo mbili, la sivyo atalipia maegesho bure.

Kutoka uwanjani fuata Chaussée Prince Louis Rwagasore, barabara kuu ya maduka na mabenki. Wageni wengi wanamjua Rwagasore kama shujaa wa uhuru tu. Wachache wanajua kwamba aliingia katika maisha ya umma kwa mlango wa biashara. Mwaka 1957 alianzisha vyama vya ushirika vya wafanyabiashara Waafrika, ili wenye mitaji midogo waungane na wasiendelee kutegemea mawakala wa kigeni. Waliomuunga mkono mapema ni pamoja na wafanyabiashara Waswahili wa Usumbura. Ushirika huo ulipata matatizo ya fedha na utawala wa Kibelgiji haukuupenda, lakini watu wale wale wakawa msingi wa UPRONA mjini. Rwagasore aliuawa kwa risasi katika Hoteli Tanganyika, wiki chache baada ya chama chake kushinda uchaguzi. Kaburi lake liko kwenye kilima kinachoutazama mji.

Katikati hapa utaona pia mabenki yenye asili ya nchi jirani. CRDB ya Tanzania na KCB ya Kenya zote zilifungua milango Burundi mwaka 2012, miaka mitano baada ya nchi kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007. Kwa malipo ya mzigo, ulizia benki kwanza. Kwa miaka mingi bei ya dola benki na ile ya mtaani zimepishana sana, na anayebadilisha pesa uchochoroni hujiweka kwenye hatari ya sheria na ya noti bandia kwa pamoja.

Kituo cha tatu: mahali palipokuwa na soko kuu

Hapa inafaa kusimama kidogo. Asubuhi ya Jumapili tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura lilishika moto na kuteketea. Zimamoto wa jiji walizidiwa, hata Rwanda ikatuma helikopta kusaidia kumwaga maji. Soko hili lilikuwa ghala la nchi nzima. Mwenye duka wa Ngozi au Rutana alinunua hapa, na mchuuzi kutoka Uvira vilevile.

Hasara haikuishia kwenye moto. Wengi hawakuwa na bima. Wapo waliokuwa wameacha fedha taslimu kwenye vibanda, kwa sababu Jumamosi jioni benki zimefungwa. Wengine walikuwa na bidhaa za mkopo kutoka kwa wauzaji wa nje, na deni halikuungua pamoja na bidhaa. Mtu alibaki na daftari la wadai bila kitu cha kuuza. Kwa zaidi ya miaka kumi eneo hilo lilibaki gofu, huku biashara ikitawanyika kwenye masoko mengine kama Ruvumera lililoko Buyenzi, na yale ya upande wa Ngagara.

Kwa mfanyabiashara wa nje kuna mambo mawili ya kuzingatia hapa. La kwanza, bei za jumla Bujumbura hazipatikani tena mahali pamoja. Usinunue wala kuuza kwa kuuliza soko moja. La pili, unapompa mteja mzigo kwa mkopo, muulize anahifadhi wapi na kama una bima. Swali hilo si la kukosa adabu. Waliopitia mwaka 2013 watakuelewa mara moja.

Kituo cha nne: mtaa wa Waasia

Ukiacha eneo la soko, shuka kuelekea Quartier Asiatique. Wabelgiji waliugawa mji kwa asili ya watu: Wazungu walikaa upande wao, Wahindi na Waarabu wakapewa mtaa huu, na Waafrika wakapangiwa Buyenzi na Bwiza. Mgawanyo huo ulifutwa zamani, lakini bado unasomeka kwenye majengo. Hapa utaona misikiti, na maduka ya mtindo ambao mtu wa Ujiji, Tabora au Zanzibar atautambua, yaani duka mbele na makazi nyuma au juu. Familia za Kihindi na za Kiarabu kutoka Oman zilileta vitambaa, chumvi na vyombo, zikarudisha ngozi na mazao. Wagiriki nao walikuwa na nafasi yao katika biashara ya mji.

Kwa msafirishaji, hapa ni mahali pazuri pa kuuliza habari. Salamu ya Kiswahili inapokelewa vizuri, na bei hujadiliwa bila mkalimani.

Kituo cha tano: Buyenzi

Malizia Buyenzi, mtaa wa Waswahili. Utautambua kwa barabara zake zilizonyooka zenye namba badala ya majina, na kwa sauti ya nyundo. Hapa ndipo kwenye mafundi wa magari, wachomeleaji na wauza vipuri. Lori likiwa na tatizo la springi au breki, madereva wenzako watakuelekeza huku. Soko la Ruvumera liko huku pia, kwa vitambaa na nguo.

Katika vita vilivyofuata mauaji ya mwaka 1993, mitaa kadhaa ya Bujumbura iligawanyika kwa ukabila. Buyenzi ilijulikana kwa kubaki mchanganyiko. Wenyeji wenyewe husema kilichowaunganisha ni lugha, dini na kazi: fundi hakuulizwa kabila lake bali kama gari litawaka. Kwa mtu wa biashara hili lina uzito, kwa sababu mtaa unaoaminiana ndio unaokopeshana.

Chakula cha mchana kile hapa. Omba mukeke, samaki wa Ziwa Tanganyika, au ndagala, dagaa wa ziwa hilo hilo, kwa ugali au wali. Neno la kushukuru ni "murakoze", yaani asanteni. Na "amahoro", yaani amani, hutumika kama salamu.

Ukiwa na siku ya ziada

Mwenye gari anaweza kwenda kwenye jiwe la kumbukumbu ya Livingstone na Stanley lililoko Mugere, kusini mwa mji kwenye barabara ya kuelekea Rumonge. Mjini kwenyewe kuna Musée Vivant, jumba la makumbusho lenye wanyama na nyumba ya asili ya Kirundi. Anayefikiria kuvuka Gatumba kwenda Uvira aulizie hali ya mpaka siku hiyo hiyo, kwa kuwa usalama wa upande wa pili umekuwa ukibadilika haraka.

Ndugu msomaji, matembezi haya hayataharakisha kutolewa kwa mzigo wako. Lakini safari ijayo mteja wa Bujumbura akikuambia "duka langu lilikuwa soko kuu, sasa niko Ruvumera", utajua amepitia nini, na utajua la kumuuliza kabla ya kumkopesha.