Ngoma Nayo ni Kazi: Patana Kwanza

Ndugu msomaji, hapa kwetu Bariadi nani asiyejua bugobogobo, ile ngoma ya majembe? Zamani mwenye shamba aliita kikundi cha vijana. Walikuja na ngoma zao, wakalima kwa kufuata mdundo, na majembe yakarushwa juu yakadakwa. Mwenye shamba hakuwapa asante tupu. Alitoa ng'ombe, au chakula na pombe, kama walivyopatana. Na walipatana kabla jembe halijagusa udongo.

Siku hizi kikundi kinaitwa harusini au kwenye mkutano wa kampeni. Kinacheza tangu asubuhi mpaka jua linazama. Halafu kinaambiwa, "Nyie si mmecheza tu?" Wanapewa soda, na nauli ya kurudi Nkololo wanajitafutia wenyewe. Haya tumeyaona kwa macho yetu.

Basi, mapatano ya mdomo nayo ni mkataba. Taabu yake ni ushahidi. Hapa ndipo kalamu uliyojifunza kushika inapokusaidia. Andikeni kwenye daftari, watie sahihi wote wawili, na shahidi pia. Usipolipwa, unakwenda na karatasi hiyo mahakama ya mwanzo kudai deni lako. Tena someni bei mbele ya wachezaji wote, maana wakati mwingine anayewapunja ni kiongozi wao wenyewe.

Je, yule anayepiga gitaa baa kila wiki kwa tajiri mmoja? Huyo mara nyingi huambiwa, "Wewe si mfanyakazi wangu, wewe ni msanii." Mtu asikudanganye. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inataja dalili za mfanyakazi. Kama tajiri ndiye anayekupangia saa, au ndiye anayekupa gitaa, au umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, dalili moja tu yatosha. Unahesabiwa mfanyakazi mpaka yeye athibitishe kuwa siyo.

Ukiwa mfanyakazi, saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki. Kazi ya kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5. Akikufukuza bila haki, peleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Madai ya mshahara ni siku 60. Wengi hupoteza haki hapa, kwa kungoja mavuno yaishe kwanza.

Liko pia jambo la simu. Mtu anarekodi ngoma yenu, kesho anaiuza. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inampa mchezaji na mwimbaji haki ya kukubali au kukataa kurekodiwa. Kwa hiyo hilo nalo liandikwe.

Mfano wa karatasi ni huu, unaweza kuunakili:

"Sisi kikundi cha ........, watu 12, tutacheza harusini kwa Ndugu ........, tarehe ........, kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni. Malipo ni shilingi ........ Nusu inalipwa leo, nusu kabla hatujaondoka. Nauli na chakula ni juu ya mwenye sherehe. Kurekodi kwa ajili ya kuuza kuna malipo yake, shilingi ........

Sahihi ya kiongozi ........ Sahihi ya mwenye sherehe ........ Shahidi ........"