Goti la Mama: Pesa Huisha Pale Kazi Inapoanza

Kila harambee ya goti inayopita katika makundi yetu ya WhatsApp ya Wakenya walio ughaibuni, kuanzia Boston hadi Minneapolis, huwa na hesabu moja tu: gharama ya upasuaji. Pesa zikitimia, watu wanashukuriwa na ukurasa unafungwa. Miezi mitatu baadaye tunapigiwa simu kuulizwa kama daktari alikosea, kwa sababu mama hawezi kuukunja mguu wala kuunyosha. Simu hizo zimekuwa nyingi, kutoka Othaya, Karatina na Kerugoya, na ya karibuni ni ya familia moja ya Tetu ambayo mama yao anauburuta mguu uliochangiwa na ukoo mzima. Mara nyingi daktari hakukosea. Goti lilikakamaa nyumbani.

Tumalizane kwanza na SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, maana huko ndiko watu wanakopotezewa muda. Ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na mpaka leo kuna watoto wanaoamini kwamba mchango wa ndugu yao aliyeajiriwa Nyeri mjini unamhusu mama pia. Haumhusu. Mchango wa mwanachama ni wa kwake, mwenzi wake na watoto wake. Mzazi anajiandikisha kivyake, anaulizwa maswali kuhusu nyumba na mali yake, kisha anapangiwa kiasi cha kulipa. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini asiye na mshahara anatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo ndipo atibiwe. Laini ya simu inayoandikishwa iwe ile mama anayoishika mkononi, si ya mpwa aliye Mombasa.

Halafu kuna vidole. Mwanamke aliyechuma majani chai na kahawa maisha yake yote, alama za vidole vyake zimefutika. Mashine inamkataa, karani anamwambia arudi kesho. Inaudhi kwamba bima inayosemekana kuwa ya mwananchi wa kawaida inashindwa na mikono ya mkulima. Mpelekeni akajaribiwe wiki kadhaa kabla ya upasuaji, na ikishindikana, msiondoke bila kuonyeshwa njia nyingine ya kumtambua.

Kuandikishwa hakutoshi. Upasuaji wa namna hii unahitaji idhini ya awali kutoka SHA, na idhini ikija, haina maana kwamba bili yote imelipwa. Iombeni hospitali iandike kwenye karatasi: SHA inatoa kiasi gani, goti bandia lenyewe ni bei gani, na fiziotherapia imo au haimo. Ulizeni pia kama hospitali hiyo inapokea SHA wiki hiyo. Mwaka 2025 hospitali za binafsi zilizo katika chama cha RUPHA zilitangaza kusitisha huduma kwa sababu ya madeni, na wagonjwa ndio waliobaki katikati. Jibu la mdomo kutoka dirisha la malipo si jibu.

Upasuaji wenyewe, uwe umefanywa karibu na nyumbani au kule hospitali za Kikuyu na Kijabe wanakopelekwa wengi wetu, ndiyo sehemu inayoeleweka zaidi. Gegedu limelika, mifupa inasuguana. Daktari anapunguza ncha za mifupa kwa milimita chache, anazivika chuma na kuweka plastiki ngumu katikati. Huchukua saa moja na nusu hadi mbili hivi, mara nyingi kwa ganzi ya mgongoni, na mgonjwa husimamishwa siku hiyo hiyo au kesho yake. Likiwekwa vizuri hudumu: utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba magoti 82 kati ya 100 yanafikisha miaka 25.

Sasa mama anarudi nyumbani, na hapa ndipo penye shida. Majirani wanakuja na uji, kikundi cha kanisa kinakuja kuomba, na kila mmoja anamwambia apumzike. Binti mwenye huruma anachukua mto na kuuweka chini ya goti kwa sababu likiwa limekunjika kidogo maumivu hupungua. Mto huo ndio unaoharibu kila kitu. Goti linalokaa limekunjika hujenga kovu ndani na kufungika hivyo hivyo, na mtu ambaye goti lake halinyooki atachechemea daima. Mto, kama lazima uwepo, uwekwe chini ya kisigino, goti lining'inie na kujinyoosha. Inauma. Ndiyo maana dawa za maumivu zinywewe nusu saa hivi kabla ya mazoezi, wala zisihifadhiwe za usiku peke yake.

Katika wiki sita za kwanza mama anahitaji mazoezi mara kadhaa kila siku na mtu wa fizio wa kumpima: linanyooka kabisa? Limefika nyuzi 90? Likigoma, mrudisheni kwa daktari mapema. Goti lililokakamaa linaweza kukunjwa mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa, lakini hilo hufaa zaidi kabla ya wiki 12 kupita. Familia nyingi hutupigia muda huo ukiwa umeshapita.

Kwa hiyo harambee ihesabu vitu hivi: fizio ya miezi mitatu, fremu ya kutembelea, gari la kliniki, na dawa ya kuzuia damu kuganda mpaka siku ya mwisho aliyoandikiwa. Nimeona watu wakiikatiza dawa hiyo kwa sababu mama "anaonekana yuko sawa". Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Ihesabu choo pia. Goti jipya halichuchumai. Bomba na kiti cha choo, au kiti cha mbao kilichotobolewa na kuwekwa juu ya shimo, viwe tayari kabla hajalazwa. Pale njia ya chooni ni mteremko wa udongo mwekundu, kama ilivyo nyumba nyingi za Mukurwe-ini, chimbeni ngazi na muweke kishikio. Msipange kurudi kwake nyumbani katikati ya mvua za Aprili.

Na wewe uliyepewa likizo ya wiki mbili tu: usije siku ya upasuaji ukakae kwenye benchi la hospitali ambako wauguzi wapo. Panga ufike siku anayoruhusiwa kutoka. Njiani kutoka Nairobi mkalishe kiti cha mbele, na msimame Kenol na Sagana ashuke atembee kidogo.

Kabla ya yote hayo, mchunguzeni. Jino bovu, kidonda mguuni, maambukizi ya mkojo na sukari isiyodhibitiwa hutibiwa kwanza. Kama alichomwa sindano ya steroidi ndani ya goti, daktari wa mifupa aambiwe tarehe, kwani upasuaji ukifanywa kabla ya miezi mitatu kupita hatari ya usaha huongezeka. Wazee wetu huificha sindano hiyo, hasa kama waliipata kliniki ya sokoni, basi muulizeni kwa upole na kwa Kikuyu chake.

Nyuzi zikishatolewa, kidonda kikianza kutoa maji au goti likawa jekundu na la moto zaidi ya jana, asipelekwe duka la dawa kununua antibayotiki. Vidonge hivyo huficha usaha bila kuuondoa, na daktari akija kupima hapati kijidudu. Arudi kwa aliyempasua, hata kama ni Jumamosi, na akiambiwa kliniki ni Jumanne, aingie kupitia idara ya dharura.