Bakari au Abubakar? Jina ni lile lile, lakini karatasi hazijui

Juzi mtoto wa ndugu yangu alijaliwa mwana wa kiume. Siku ya akika akatangaza kuwa mtoto ataitwa Abubakar. Mzee mmoja akamuuliza, "Si ulisema utampa jina la babu yako? Babu yako akiitwa Bakari." Kijana akajibu, "Bakari si jina sahihi, mzee wangu. Sahihi ni Abubakar."

Pale nilinyamaza, kwani marehemu huyo ni baba yangu mzazi. Leo namjibu.

Asili ya majina yote mawili ni Abu Bakr, swahaba aliyefuatana na Mtume (SAW) katika Hijra ya mwaka 622, kisha akawa khalifa wa kwanza kuanzia 632 hadi 634. Hilo nalo lilikuwa jina la kuniya. Jina lake hutajwa kuwa Abdullah. "Abu" ni baba wa, na "bakr" kwa Kiarabu ni ngamia mchanga.

Wazee wetu waliliacha "Abu", wakatia irabu panapotaka irabu, likawa Bakari. Ndivyo Umar alivyokuwa Omari na Uthman akawa Athumani. Hawakukosea, walilitamka kwa ulimi wao. Wenzetu wa Senegal na Mali husema Boubacar, na hakuna anayewasahihisha.

Kwetu Bakari ni jina la Lamu hadi Vanga, kwa Waswahili na kwa Wadigo. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa Ujerumani mwaka 1903, alilibeba kwa upande wa baba. Hata Marekani limefika: yuko Bakari Sellers, mwanasiasa wa South Carolina. Huko limepokewa kama jina la Kiswahili, wakati sisi wenyewe twalionea haya.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko fahari. Kitambulisho cha baba kilisema Bakari. Hati ya shamba ikasema Abubakar. Sisi nyumbani hatukuona tofauti. Alipofariki, tuliambiwa hao ni watu wawili. Tulizunguka kwa wakili, kwa chifu na kwa hati za kiapo, mwaka mzima na nauli juu, kuthibitisha kuwa baba yetu ni baba yetu.

Basi mwanangu, muite mtoto Abubakar, ni jina tukufu. Ila chagua herufi moja na uifuate: cheti cha kuzaliwa, shule, kitambulisho, pasipoti, hati. Wewe msomaji nawe, zitoe karatasi za wazee wako leo uzilinganishe, wangali hai.

Na bibi yake akimwita Bakari, mwache aitike. Ndilo jina la babu yake.