Mama, Chagua Vema Bateri ya Tochi Yako



Siku ya kliniki tumezoea kuzungumza juu ya chanjo, chandarua na chakula cha mtoto. Leo tutazungumza juu ya tochi. Usicheke. Tuseme mama mmoja anakaa Alunguli, ng'ambo ya mto. Uchungu unamshika saa nane za usiku. Mama mkwe anafunga vitu vya mtoto, jirani anakwenda kuamsha mwenye mtumbwi, na njia ya kushuka majini ni giza tupu. Wakiwa na tochi nzuri, wataona njia, wataona nyoka, wataona pahali pa kukanyaga. Na kama mtoto hatangoja kufika materniti, yule anayemsaidia mama ataona damu: ni ya kawaida, ao imezidi?

Lakini tochi inayozimika katikati ya kazi ni sawa na kukosa tochi. Tena bateri mbaya inaweza kuwaka ndani ya nyumba, watoto wakiwa wamelala. Kwa hiyo kuchagua bateri ni kazi ya mama pia, si ya baba peke yake.

1. Hii bateri ni kitu gani?

Wazee wetu walitumia mawe makubwa ya tochi, yale ya kutupa. Kila jiwe linatoa volti 1.5, na likikwisha limekwisha. Siku hizi tochi nyingi zenye mwanga mkali zinatumia bateri ya kuchaji inayoitwa litiamu-ioni. Kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuiuza mwaka 1991. Mwaka 2019 wataalamu watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobeli kwa kazi yao juu ya bateri hii. Nyingi zina kobalti ndani, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka katika nchi yetu, upande wa Kolwezi na Katanga. Mto Lualaba unapita kule mbele ya kufika hapa kwetu Kindu. Basi mali ni ya kwetu, hata kama bateri inaturudilia ndani ya katoni ya wageni.

Ile inayoonekana sana sokoni inaitwa 18650. Maana yake: unene milimita 18, urefu milimita 65. Ndani yake kuna karatasi nyembamba za shaba na za aluminiamu, zimekunjwa pamoja kama mkeka. Katikati yao kuna utando wa plastiki unaozizuia zisigusane. Tena kuna maji ya dawa ambayo yanashika moto upesi. Utando ukiharibika, pande mbili zinagusana, bateri inapata joto kali, inatoa moshi, inawaka. Mukumbuke jambo hili moja, na mashauri mengine yote yatakuwa rahisi kuelewa.

2. Kusoma namba zilizoandikwa

Fikiri bidoni ya maji. Kuna nguvu ya kusukuma maji, kuna wingi wa maji, na kuna upana wa mdomo.

Nguvu ya kusukuma ni volti (V). Litiamu-ioni ya kawaida imeandikwa 3.6V ao 3.7V, na ikijaa kabisa inafika 4.2V. Ziko nyingine zimeandikwa 3.2V. Hizo ni za aina tofauti na zina chaja yao. Usizitie katika chaja ya nyingine. Tena iko bateri inayoitwa 14500, ambayo ukubwa wake ni sawa na lile jiwe dogo la redio. Macho yanadanganyika! Jiwe lina volti 1.5, hii ina 3.7. Ukiitia katika tochi isiyotengenezwa kwa ajili yake, unaweza kuiunguza siku ile ile. Soma kwanza maandiko ya tochi, ao mwombe mtoto wa shule akusomee.

Wingi wa maji ni mAh. Bateri ya 2500 mAh katika tochi inayokula 500 kwa saa itawaka karibu saa tano. Ukiwasha mwanga mkali unaokula 2500, itakwisha katika saa moja. Ndiyo sababu mwanga mkali kuliko yote haufai kwa usiku mzima. Tumia mwanga mkali kwa njia, na mwanga mdogo nyumbani. Usimulike macho ya mtoto mchanga.

Upana wa mdomo ni ampere (A). Tochi kali inavuta nyingi kwa mara moja. Tochi ya wati 10 yenye bateri moja inavuta karibu ampere 3. Kama bateri haikutengenezwa kutoa hivyo, itapata joto na mwanga utaanguka. Kwa hiyo mwulize muuzaji: "Hii bateri inatoa ampere ngapi?" Asipojua, nenda kwa mwingine anayejua.

3. Namna ya kukamata bateri ya uongo

Mama anayenunua samaki anaangalia macho na kufungua mashavu. Fanya vile vile kwa bateri.

Kwanza, ogopa namba kubwa. Bateri 18650 za kweli zinazouzwa kwa kawaida ziko kati ya 2000 na 3500 mAh. Ukiona imeandikwa 9900, ni uongo. Haifai kubishana bei. Irudishe pale ulipoitoa.

Pili, pima uzito. Ya kweli ina gramu 45 hivi, mpaka karibu 50. Wanunuzi wa dhahabu wana mizani midogo inayopima vizuri; omba wakupimie. Ikiwa na gramu 30 tu, ndani yake hamna kitu cha kutosha.

Tatu, angalia ngozi yake. Ile plastiki ya nje si mapambo. Chuma chote cha ubavuni ni upande wa kutoa (–), na kinafika mpaka karibu na kichwa chenye alama ya kujumlisha (+). Ngozi ikipasuka, moto wa pande mbili unaweza kukutana. Usinunue iliyopasuka, iliyobonyea, yenye kutu, ao yenye harufu kama ya dawa ya kufuta rangi ya kucha.

Nne, uliza imetoka wapi. Nyingine zimetolewa ndani ya kompyuta nzee na kuvikwa ngozi mpya. Zinaonekana kama bibi arusi, lakini zimechoka.

Tano, ukiweza, chukua ile yenye ulinzi ndani. Inakata yenyewe moto ukizidi ao ukipungua mno. Lakini inakuwa ndefu kidogo, karibu milimita 70, basi ijaribu kwanza katika tochi yako.

Mwisho, tochi ya bateri moja ni salama kuliko ya bateri mbili ao tatu zilizopangwa mstari mmoja. Kama yako inataka mbili, nunua mbili za namna moja siku moja, uzitie alama, uzichaji pamoja. Usichanganye mpya na nzee: ile dhaifu itasukumwa na mwenzake mpaka ipate joto.

4. Kuchaji bila hatari

Tumia chaja ya litiamu-ioni inayosimama yenyewe bateri ikifika 4.2V. Usifunge bateri moja kwa moja kwenye sahani ya jua. Sahani inayoitwa ya volti 12 inaweza kutoa zaidi ya 18 jua likiwa kali, na bateri yako inataka 4.2 tu. Pitisha kwanza kwenye kirekebishi na chaja yake.

Weka chaja juu ya simenti ao juu ya kigae, mbali na kitanda, chandarua, mkeka na mafuta. Chaji mchana, ukiwa macho. Usichaji wakati wote munalala. Bateri ikiwa ya moto mpaka mkono hauvumilii, ondoa chaja kwenye umeme, toka karibu nayo.

Usiiache juani wala karibu na mbabula. Usiifunge katika kikwembe pamoja na funguo, sababu chuma kinaweza kuunganisha pande mbili. Itie katika kikopo cha plastiki. Bateri iliyokufa usiitupe motoni wala usimpe mtoto kuchezea.

5. Ikitokea ajali

Bateri ikiwaka, toa watoto nje kwanza. Moshi wake ni sumu. Ikiwa unaweza bila hatari, mwaga maji mengi juu yake, na uendelee hata moto ukizimika, sababu inaweza kuwaka tena.

Mtu akiungua, mimina maji safi ya baridi pale palipoungua kwa dakika 20. Usipake mafuta ya mawese, majivu wala dawa ya meno. Funika na kitambaa safi, mlete hospitali.

Angalisho moja kubwa: tochi ndogo ndogo na vitu vya kuchezea vina bateri bapa kama kifungo. Mtoto akimeza ile, inaweza kuchoma koo lake katika saa mbili. Pengine hatalia sana. Atatoa mate, atakohoa, atakataa kula. Usimtapishe, usingoje itoke chooni. Mlete saa ile ile, hata usiku, na useme wazi: "Amemeza bateri."

6. Mbele ya siku ya kuzaa

Katika mafundisho ya wauguzi tunawaambia wanafunzi: angalia vyombo vyako mbele ya kumgusa mama. Wewe pia, mama, mimba ikifika miezi minane, jaza bateri, itie katika tochi, na ulegeze mfuniko wa nyuma kidogo ili isiwake ndani ya mfuko. Kila juma uijaribu. Tochi ya kuvaa kichwani ni bora zaidi, sababu inaacha mikono miwili kwa kazi. Weka yote pamoja na vikwembe vya mtoto, na mwonyeshe baba na mama mkwe pahali ilipo.

Bateri nzuri inapita bei ya ile ya uongo, hilo ni kweli. Lakini ile ya uongo utainunua mara tatu, na pengine itakuacha gizani usiku ule mmoja unaohitaji kuona. Nunua moja ya kweli, uitunze. Nasi tutakungojea huku ukingoni, tukitazama mwanga wako unavuka mto.