Unene: Mwone daktari kabla ya kununua dawa za kupunguza mwili

KWA miaka mingi, kitambi na mwili mnene vimehesabiwa miongoni mwetu kuwa ishara ya neema. Mume ambaye mkewe amenawiri husifiwa kwa kumtunza vyema, ilhali anayekonda hunong'onezwa kuwa anaugua. Ndiposa wengi hawamwendei daktari kwa sababu ya unene pekee. Humwendea baada ya kupatwa na kisukari au shinikizo la damu, tena wakiwa wametumia fedha nyingi kununua majani ya chai na tembe za kupunguza mwili zinazochuuzwa mitaani na mitandaoni.

Tatizo hili si dogo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2008-09 kuhusu idadi ya watu na afya ulibainisha kwamba robo ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Kenya walikuwa na uzani uliopita kiasi. Kufikia 2014, idadi hiyo ilikuwa imepanda hadi thuluthi moja.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linautambua unene wa kupindukia kuwa ugonjwa sugu. Kwa hivyo, anayetafuta tiba yake hana sababu ya kuona haya, kama vile mgonjwa wa pumu asivyoona haya.

Je, mtu aanzie wapi? Si lazima kumtafuta daktari bingwa. Kituo cha afya chenye mizani, utepe na kipimo cha shinikizo la damu kinatosha kwa hatua ya kwanza. Mhudumu hugawanya uzani wa mtu katika kilo kwa kimo chake katika mita, kisha hugawanya tena kwa kimo hicho. Mwanamke mwenye kilo 90 na kimo cha mita 1.6 hupata 35. Kuanzia 25, uzani umepita kiasi; kuanzia 30, huo ni unene wa kupindukia. Kiuno nacho hupimwa, kwani mafuta ya tumboni ndiyo yenye madhara zaidi. Hatari huongezeka kinapozidi sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume.

Baada ya vipimo hivyo, daktari huchunguza chanzo. Zipo dawa zinazoongeza uzani, zikiwemo steroidi, insulini, baadhi ya dawa za maradhi ya akili na sindano ya kupanga uzazi. Aidha, tezi ya thiroidi inapozembea, mwili huweza kunenepa. Mgonjwa anapaswa kutaja kila dawa anayotumia, wala asiiache yoyote kabla ya kushauriwa. Damu pia hupimwa sukari na mafuta.

Hatua inayofuata ni kuweka lengo. Wengi hutaka kurejea umbo walilokuwa nalo wakiwa vijana, lakini kupunguza asilimia tano hadi kumi ya uzani hutosha kuleta nafuu kwa sukari na shinikizo la damu. Kwa mwanamke tuliyemtaja, hizo ni kilo nne na nusu hadi tisa.

Hapa ndipo mtaalamu wa lishe anapohitajika. Taaluma hii inasimamiwa na sheria ya mwaka wa 2007, hivyo ni haki yako kumwuliza iwapo amesajiliwa. Mtaalamu wa kweli hakupigi marufuku ugali. Hukuuliza unachokula, saa ngapi na kwa kiasi gani, kisha hupunguza donge la ugali na kuongeza mboga sahanini. Huenda pia akakuonyesha kwamba chupa ya soda ya nusu lita ina zaidi ya vijiko 10 vya chai vya sukari.

Mambo hayo yasipofua dafu, zipo dawa. Orlistat huzuia takriban thuluthi moja ya mafuta ya chakula yasiingie mwilini, ingawa huweza kumharisha anayekula vyakula vya mafuta mengi. Semaglutide, ambayo hudungwa mara moja kwa wiki, hupunguza hamu ya chakula. Katika utafiti uliochapishwa 2021, waliodungwa dawa hiyo huku wakibadili ulaji na kufanya mazoezi walipoteza wastani wa takriban asilimia 15 ya uzani wao kwa wiki 68.

Hata hivyo, walioacha kuitumia walirejesha thuluthi mbili ya uzani huo katika muda wa mwaka mmoja. Isitoshe, huleta kichefuchefu na kutapika, na wakati mwingine mawe katika kibofu cha nyongo au uvimbe wa kongosho. Haiwafai wajawazito. Kabla ya kuanza, uliza gharama yake kwa mwezi na muda utakaoitumia.

Uliza pia itokako. Mwaka wa 2024, WHO ilitahadharisha kuhusu semaglutide ghushi iliyokuwa imegunduliwa Brazil, Uingereza na Marekani. Nunua kwa cheti cha daktari, katika duka la dawa lililosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Nazo tembe zinazoitwa za mitishamba zisikuhadae. Katika nchi kadhaa, baadhi yake zimepatikana zikiwa na sibutramine, dawa iliyoondolewa katika masoko ya Ulaya na Marekani mwaka wa 2010 kwa kuhusishwa na mshtuko wa moyo na kiharusi.

Upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula ndio hatua ya mwisho. Kwa kawaida hufikiriwa hesabu tuliyoeleza inapofika 40, au 35 kwa mwenye maradhi kama kisukari. Huduma hii hupatikana katika baadhi ya hospitali za Nairobi, lakini gharama yake ni ya juu, na aliyepasuliwa huhitaji vitamini na uchunguzi maisha yake yote.

Ukikutana na mhudumu anayekukejeli badala ya kukupima, tafuta mwingine, lakini usikate tamaa ukarudi kwa wachuuzi. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.