Gia Boksi ya Otomatiki: Kabla Hujakubali Ovahoo

Hilux Surf ya miaka ya 1990 ikianza kuteleza gia, neno la kwanza gereji huwa ovahoo. Fundi asilitamke kabla ya vipimo visivyogharimu kitu.

Avute dipstiki ya gia boksi injini ikiunguruma na oili ikiwa ya moto. Oili nyekundu inatia moyo. Ya kahawia yenye harufu ya kuungua inamaanisha klachi pleti zimekwisha, na oili mpya haitazifufua. Ikiwa ya waridi na nzito kama maziwa, kipoza oili kilichomo ndani ya rejeta kimetoboka na maji yameingia. Hapo hakuna mjadala: maji hubandua bitana ya pleti. Ukifunga pleti mpya na kuacha rejeta ileile, utailipia kazi hiyo mara mbili.

Gia boksi ya A340F, iliyomo kwenye Surf nyingi, ina kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Chomoa plagi ya solenoidi, kisha endesha: kwenye L itumie gia ya kwanza, kwenye 2 ya tatu, kwenye D ya nne. Zote zikishika barabara, tatizo liko kwenye waya, solenoidi au kompyuta, na hakuna sababu ya kushusha gia boksi. Angalia pia kebo inayounganisha akselereta na gia boksi. Ikilegea, presha ya oili hushuka na gia huteleza, ilhali kuirekebisha ni kazi ya spana tu.

Tuseme gia boksi kweli imekufa. Gerezani, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, utapata ya mtumba. Lakini ikiwa sakafuni haisemi kitu. Kilomita zake zilibaki kwenye dashibodi ya gari ilikotolewa. Mimi huchagua kuifufua ya zamani, kwa sharti kwamba ifunguliwe mbele yangu, sili zote zibadilishwe, valvu bodi isafishwe, na toki konveta ibadilishwe au ikatwe na kusafishwa. Chenga za chuma zilizomo humo hazitoki kwa kusuuza na petroli, hata fundi aape vipi. Kwa hiyo bei ya pleti peke yake si bei ya kazi.

Wengi hulinganisha gharama hiyo na bei ya gari likiwa limelala. Linganisha na bei ya gari jingine la umri uleule, ambalo gia boksi yake nayo huijui. Ila kwanza ingia chini na nyundo ugonge chesisi, hasa kama gari limeishi Tanga, Mombasa au Unguja. Ikimomonyoka, acha. Na kama injini ni 1KZ-TE, hakikisha silinda hedi haijapasuka; ni ugonjwa wake unaojulikana.

Ukiamua kuendelea, funga kipoza oili cha nje mbele ya rejeta, na mabomba ya zamani ya oili ya gia boksi yapulizwe kabla ya kuunganishwa, kwa sababu mabaki ya pleti zilizoungua hujificha humo.